Risala ya Mafundi wa Usafi wa Mazingira wa Vingunguti kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Karibuni Vingunguti. Leo tunahitimisha mafunzo ya kujenga mabomba ya majitaka ya gharama nafuu. Tunaomba tukueleze jambo litakaloamua kama mabomba haya yatadumu, nalo ni bei ya maji.

Mheshimiwa, sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao 273,000. Ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Huku kwetu nyumba zilitangulia, upimaji ukafuata, na vichochoro vikabaki vya kupita mtu na ndoo yake. Gari la kunyonya majitaka haliingii. Choo kikijaa, watu husubiri masika wakitapishe: shimo linatobolewa ubavuni, uchafu unaondoka na mvua mpaka kwa jirani wa bondeni. Huyo ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote, na ndiye anayechota kisima kifupi. Kipindupindu kinampata wa kwanza.

Bomba letu ni la inchi 4. Kwa kuwa magari hayapiti juu yake, linafukiwa sentimita 40 tu, na hapo ndipo gharama inapopungua. Mteremko usipungue sentimita 5 kwa kila mita 10, nao tunaupima kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ambayo hukaa usawa mmoja ncha zote mbili, kamwe si kwa macho. Kila nyumba ina chemba yake, yaani kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia bomba, na kila kona pia. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta na mchanga, isafishwe kila wiki; ikiachwa, mafuta yanaganda, mchanga unang'ang'ania, na mtaa mzima unaziba.

Lakini hata bomba lililolazwa vizuri linahitaji maji ya kusukuma uchafu. Uniti moja ya maji kwenye mita ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mpangaji anayenunua ndoo kwa shilingi 100 analipa shilingi 5,000 kwa uniti, kiasi ambacho mwenye mita halipi. Basi anabana. Chooni anamwaga kopo moja, kinyesi kinakwama njiani, na lawama zinamwangukia fundi.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba inayoungwa bomba la majitaka iungwe na la maji kwa pamoja, na gharama ya kuunganishiwa ikatwe kidogo kidogo kwenye bili ya mwezi.

Zipo pia nyumba zilizo chini ya usawa wa bomba, ambazo hatuwezi kuziunga. Hizo zinahitaji pampu ya mkono ya kunyonya choo na guta la magurudumu matatu la kubebea mapipa. Mabwawa ya majitaka yako hapa hapa Vingunguti. Tunaomba maguta nayo yaruhusiwe kumwaga humo, yatozwe kwa pipa, yasitozwe sawa na gari kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.