Kabla ya kujenga mchemraba wa data, amueni mstari mmoja ni nini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie michemraba ya OLAP, yaani data iliyopangwa kwa pande kadhaa kwa pamoja, kama tarehe, duka na bidhaa, ili ichambuliwe na kujumlishwa haraka; njia hii ya kuchambua data ilipewa jina la OLAP na mtaalamu wa kompyuta Edgar F. Codd mwaka 1993. Wengi wanaoijenga hukimbilia programu na michoro, wakaruka swali la kwanza: mstari mmoja wa jedwali la mauzo ni nini? Ni risiti nzima, bidhaa moja ndani ya risiti, au jumla ya siku? Ukichanganya aina mbili za mistari katika jedwali moja, mauzo yaleyale yatahesabiwa mara mbili, na programu haitakuonya.

Hilo likishaamuliwa, mengine hufuata. Shilingi na idadi ya mifuko iliyouzwa ni vipimo, yaani namba tunazojumlisha. Tarehe, duka na bidhaa ni mihimili, yaani pande za mchemraba, na kila mhimili una ngazi zake: siku, mwezi, mwaka; duka, wilaya, mkoa. Ukipanda ngazi unajumlisha, ukishuka unaona undani. Ukubwa usiwatishe. Maduka 40, bidhaa 5,000 na siku 365 ni vyumba 73,000,000, kimoja kwa kila duka, bidhaa na siku, lakini kila duka likiuza aina 300 kwa siku, vyenye kitu ni 4,380,000 tu, yaani asilimia 6. Mfumo mzuri hauhifadhi vitupu.

Hatari kubwa iko kwenye kujumlisha, kwa sababu si kila kipimo kinajumlishika. Ghala lenye mifuko 100 ya sukari kila jioni halina mifuko 3,000 mwisho wa mwezi. Salio hujumlishwa kati ya maghala, si kati ya siku; kwa mwezi chukua salio la siku ya mwisho. Wastani nao una mtego wake. Duka moja lina risiti 10 za wastani wa shilingi 50,000, jingine risiti 190 za wastani wa 10,000. Wastani wa wastani hizo ni 30,000, ilhali wastani halisi ni 12,000. Kwa hiyo hifadhini jumla ya fedha na idadi ya risiti, mgawanyo ufanyike mwishoni. Idadi ya wateja ihesabiwe upya kwa kila ngazi, maana aliyenunua Januari na Februari ni mtu mmoja.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni la mihimili inayobadilika. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Ukifuta “Mbeya” kwenye mstari wa duka la Tunduma na kuandika “Songwe”, mauzo yake yote ya 2015 yatahamia mkoa ambao haukuwapo. Dawa yake ni duka hilo kuwa na mistari miwili katika jedwali la maduka, kila mmoja na namba yake ya utambulisho, tarehe ya kuanza na ya kukoma. Mauzo ya kabla ya mabadiliko yashike namba ya kwanza, ya baadaye ya pili.

Kosa hili halionekani ukilinganisha jumla ya nchi nzima na vitabu vya hesabu, kwa kuwa jumla hiyo haibadiliki hata shilingi moja. Linganisheni mkoa kwa mkoa, tena na taarifa zilizochapishwa mwaka uleule wa mauzo hayo.

Wachambuzi wa data,
Dar es Salaam