Risala ya Chama cha Anga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Karibu Mombasa, Mheshimiwa. Karibu, starehe.

Hapo mezani pako pana kisanduku cha mbao, sentimita 10 kwa 10 kwa 30. Tumechongewa na fundi wa Majengo, nacho hakizidi boflo. Huo ndio ukubwa wa CSSWE, setilaiti iliyoundwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ikarushwa Septemba 2012. Kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe ndogo mno zenye nishati kubwa: elektroni zilizonaswa na sumaku ya dunia, katika mikanda ya mionzi ya Van Allen, na protoni zitokazo juani.

Mikanda hiyo iligunduliwa 1958. Kipima mionzi cha setilaiti Explorer 1 kilipofika juu sana kilinyamaza. Ilipofuata Explorer 3, mwanasayansi James Van Allen na wenzake wakang'amua kwamba kilinyamaza kwa kuzidiwa: chembe zilikuwa nyingi hata hesabu ikakishinda. Lakini elektroni za ukingo wa ndani wa mikanda hiyo zatoka wapi? Swali hilo lilikaa karibu miaka 60. Mwaka 2017 vipimo vya kile kisanduku cha wanafunzi vikalijibu. Miali itokayo mbali angani hugonga hewa yetu na kurusha chembe nyingine, nyutroni. Nyutroni ikiwa peke yake haidumu, kwa wastani ni kama dakika 15, kisha huvunjika na kutoa elektroni, nayo sumaku ya dunia huidaka. Mheshimiwa, tuliposoma habari hii tulirudia mara mbili. Wanafunzi!

Wengine walirusha visanduku viwili, FIREBIRD II, mwaka 2015, vikifuatana njia moja, vipime elektroni zinyeshazo hewani kutoka mikanda hiyo. Mfano wake ni matatu mbili zinazotoka Nyali. Ya mbele ikinyeshewa mahali fulani, na ya nyuma ifike hapo ikute pakavu, utajua mvua ilikuwa ya kupita. Ukiwa na moja tu, hutajua.

Chembe hizi huharibu mitambo ya setilaiti, zikiwemo zile zinazomwonyesha njia nahodha aingiaye Kilindini.

Wala pwani yetu si ngeni katika mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani iitwayo Uhuru ilirushwa baharini karibu na Malindi, kwenye jukwaa la San Marco. Njia ya juu ya ikweta iliiepusha na sehemu kubwa ya chembe hizi hizi, zisivuruge vipimo vyake. Na mwaka 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, nayo ni ukubwa wa kisanduku hiki.

Sasa haja yetu. Setilaiti ndogo nyingi hutuma ishara kwenye masafa ya karibu megahezi 437, na mwenye chombo cha kufaa huzisikia. Mwaka jana tulitengeneza antena kwa waya wa kuanikia nguo na ufito wa mkandaa. Wenzetu wa Likoni walikubali kuchelewa feri ili tusikilize setilaiti ikipita. Tukasikia mvumo tu. Redio tuliyoazima haikufika masafa hayo. Tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata kipokezi na antena ya kudumu juu ya paa la maabara.

Kisanduku hiki ni zawadi yako. Tafadhali kipokee.

Wanachama, Chama cha Anga.