Barua kwa swahiba anayekwenda Bangkok mwezi wa Aprili

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani Mombasa. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia kwamba wewe na mwenzako mmekata shauri kwenda Bangkok na mabegi yenu mgongoni. Umeuliza mengi, lakini nitaanza na lile hukuuliza, yaani joto, kwa sababu ndilo litakalopanga mengine yote.

Najua utasema, mtu wa Mombasa ataogopeshwaje na joto? Lakini joto la kwetu lina upepo. Zikumbuke zile siku chache za mwisho wa Machi, kaskazi imekata na kusi haijaanza, hata kuti la mnazi halitikisiki. Ongeza hapo lami, zege na moshi wa magari, kisha iondoe bahari. Hiyo ndiyo Bangkok ya Aprili. Mchana kipimo hufika nyuzi 36 hadi 38, na unyevu wa hewa huufanya mwili uhisi zaidi ya hapo. Aprili ya mwaka 2024 jiji lilitoa tahadhari baada ya joto linalohisiwa kupita nyuzi 50. Jasho humpoza mtu pale linapokauka; hewa ikishajaa unyevu halikauki, linachuruzika tu, ukawa unapoteza maji na chumvi bila kupata ubaridi wowote. Usiku nao hausaidii sana, maana kuta hutoa joto zililolinywa mchana kutwa.

Kwa hiyo gawanyeni siku kama wavuvi wanavyoigawanya. Amkeni saa 11 alfajiri. Jua huchomoza karibu na saa 12, na kuanzia hapo hadi saa 4 ndio muda wa miguu. Kati ya saa 5 na saa 10 kaeni ndani: makumbusho, treni, maduka makubwa, au usingizi. Saa 11 jioni mnatoka tena. Atakayewaambia kwamba mnapoteza mchana msimsikilize, kwani anayelazimisha adhuhuri huilipa kesho yake kitandani.

Maji, kila mtu lita 3 kwa siku, na zaidi mkitembea sana. Maji matupu peke yake hayatoshi, yanaizimua chumvi iliyobaki mwilini, ndipo kichwa kinauma na misuli ya miguu inakaza. Nunueni pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini katika duka la dawa, moja kwa siku kila mtu. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya mlima. Msinywe ya bomba. Pembeni mwa vichochoro mtaona mashine za maji: fungua kile kidirisha kidogo, tega chupa chini ya mrija, tia sarafu, bonyeza. Baht 1, ndiyo fedha yao, hukupa kama lita moja. Chukueni chupa ya mdomo mpana. Ya mdomo mwembamba humwaga nusu pembeni. Barafu yenye tundu katikati ni ya kiwandani, imetengenezwa kwa maji yaliyosafishwa. Ile ya kupondwa kutoka bonge kubwa iacheni.

Sasa jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Mtu aliyezidiwa na joto huwa wa mwisho kujua kwamba amezidiwa. Ndiyo maana ni heri mnakwenda wawili. Mwenzako akianza kukaa kimya, akajikwaa mahali pasipo kitu, akalalamika kichefuchefu au kizunguzungu, safari ya siku hiyo imesimama papo hapo. Mtafutie kivuli au duka lenye kiyoyozi, legeza nguo, mlowanishe shingo na kwapa, mpe maji ya chumvi kwa mafunda madogo. Kwa kawaida ndani ya nusu saa anarejea. Lakini akiongea maneno yasiyoeleweka, au akapoteza fahamu, hapo amepigwa na joto na ni hatari ya maisha: piga 1669, ndiyo namba ya gari la wagonjwa, na uendelee kummwagia maji na kumpepea mpaka wafike. Usimlazimishe kunywa akiwa katika hali hiyo. Na tangu siku ya kwanza kubalianeni kwamba mwendo wa aliyechoka ndio mwendo wa wote wawili, pasiwe na wa kuombwa radhi.

Mabegi: lita 30 hadi 40, kilo 7 kila moja, isizidi 8. Mashirika mengi ya ndege ya bei nafuu ya Asia huruhusu kilo 7 tu za kuingia nazo ndani, na vituo vya treni za juu vina ngazi nyingi. Fulana 3 nyepesi, suruali 2 ndefu pana, soksi nyembamba, kandambili, viatu vya kufunga. Suruali ya jinzi iacheni nyumbani: nzito, haikauki, inachubua mapaja. Kikoi kisikose. Ni taulo, ni shuka, na ndani ya mabasi na treni zao kiyoyozi ni kikali kiasi cha kukuachia mafua, basi jifunikeni. Mafuta ya mgando yapakwe mapajani na chini ya kwapa kabla ya kutoka, si baada ya kuchubuka. Kwa harara nunueni huko huko poda ya baridi, inauzwa kila duka. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi zao, kwa hiyo chukueni adapta.

Karatasi nitazipitia haraka. Viza iulizieni ubalozi wa Thailand hapo Nairobi. Mnatoka Kenya, kwa hiyo mnatakiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa si chini ya siku 10 kabla. Kwanza mnapita kaunta ya afya, ndipo uhamiaji. Anayekwenda moja kwa moja uhamiaji hurudishwa nyuma kupanga foleni upya. Tangu 1 Mei 2025 kuna pia fomu ya mtandaoni ya kuingia nchini, iitwayo TDAC, hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayoomba malipo ni ya matapeli. Sigara za umeme ni marufuku nchini humo, msibebe hata moja.

Mkishuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi teremkeni ghorofa ya chini kabisa, iliko treni ya mjini. Hapo hapo pana wabadilishaji fedha wenye kiwango kizuri kuliko kaunta za juu. Treni hadi kituo cha mwisho, Phaya Thai, ni baht 45 na haifiki dakika 30. Ukichukua teksi, mita huanza baht 35, unaongeza 50 za uwanjani na tozo za barabara ya kulipia, na foleni ya jioni inaweza kula saa nzima na zaidi. Mkitoa pesa kwenye mashine za benki, makato kwa kadi ya kigeni ni baht 220 au zaidi kila mara, hivyo toeni nyingi mara moja. Na mashine ikiuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya nyumbani, kataeni, chagueni baht.

Malazi, tazameni kwanza umbali kutoka kituoni. Mita 500 na begi saa 8 mchana si mchezo. Watu wawili msikimbilie bweni: vitanda viwili vya bweni mara nyingi hukaribia bei ya chumba kimoja cha wawili chenye kiyoyozi. Eneo la kituo cha Sam Yot linafaa kuliko Khao San, ule mtaa wa wasafiri wa mabegi, kwa sababu Khao San haina treni na muziki hauzimwi mapema.

Kuhusu usafiri, mto wa Chao Phraya ndio barabara iliyo bora. Shukeni kituo cha Saphan Taksin, gatini mtaona mashua za Chao Phraya. Pandeni yenye bendera ya rangi ya chungwa, baht 16 popote uendako. Ile ya watalii, ya bendera ya buluu, ni ghali zaidi. Mashua haingoji. Baharia wa nyuma hupiga filimbi mfululizo, anatupa kamba, upande wa nyuma unagusa gati kwa sekunde chache tu, na watu wanaruka. Vueni mabegi mgongoni kabla haijafika, yashikeni mbele. Kondakta mtamjua kwa sauti: ana kopo refu la chuma analolitikisa, sarafu zikilia ndani, na tiketi anaikata kwa mdomo wa kopo hilo hilo. Viti vya watawa wa Kibudha ni vyao, na mwanamke hamgusi mtawa hata kwa bahati mbaya.

Mkitenganishwa na milango ya treni, kanuni iwe moja: aliyemo ndani anashuka kituo kinachofuata na kusimama pale pale jukwaani, aliyebaki anapanda inayofuata. Wote wawili mkianza kutafutana, mtapishana siku nzima. Pia wekeni kibeti cha pamoja, kila mtu baht 1,000, kwa maji, nauli na chakula. Kinapokwisha mnajaza sawa kwa sawa. Ugomvi mwingi wa njiani chanzo chake ni sarafu za maji, si mambo makubwa.

Kasri la Wafalme, lililoanza kujengwa mwaka 1782, hufunguliwa saa 2:30 asubuhi. Kiingilio baht 500. Fikeni kabla ya kufunguliwa, kwa sababu uwanja wake hauna kivuli na sakafu hurudisha jua usoni. Mabega na magoti yafunikwe kwa nguo halisi, mtandio wa kutupia begani walinzi huukataa. Nje atakuja mtu nadhifu mwenye sauti ya upole awaambie, "Leo kumefungwa," kisha awape tuktuk ya baht 20 kuzunguka mji. Mwisho wa safari hiyo ni duka la vito au la fundi nguo, ambako dereva hupewa bakshishi kwa kila anayempeleka. Nendeni tu hadi lango lenyewe, barabara ya Na Phra Lan, mkajionee. Kutoka hapo Wat Pho, kwenye sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46, ni mwendo wa dakika kama 10.

Chakula: nguruwe yumo katika vyungu vingi. Semeni "mai sai mu," yaani usitie nguruwe, lakini sufuria ni ile ile, basi anayejali halali atafute alama ya kijani au mitaa ya Waislamu, kama ule wa msikiti wa Haroon karibu na barabara ya Charoen Krung. Hapo ulizieni khao mok gai. Ni wali wa manjano na kuku, binamu kabisa wa biriani yetu, pembeni ana mchuzi wa kijani wa mnanaa wenye siki. Pilipili yao si ya kujaribia. "Mai phet" maana yake isiwe kali.

Tahadhari ya tarehe: Songkran, mwaka mpya wao, ni 13 hadi 15 Aprili. Maji hurushwa mitaani tangu asubuhi, simu na pasipoti zitieni mfuko usiopenya maji, na tiketi za kutoka mjini kateni mapema sana.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya yote, nendeni bustani ya Lumphini kabla ya saa 1. Wazee wananyoosha viungo chini ya miti, na kando ya ziwa kenge wakubwa, wengine wanapita urefu wa mtu, wanatoka majini polepole, ulimi nje ndani, wanakatiza njia ya wakimbiaji. Wapisheni wapite.

Niandikie tarehe za tiketi mkishazikata, na uniambie kama mnaendelea Chiang Mai, mji wa kaskazini, maana Aprili huko kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, na hilo lina maandalizi yake.

Ni mimi swahiba wako.