Linatangazwa kopo namba tatu, linanunuliwa namba moja

Mhariri,

Mimi ni muuza duka la dawa huku Mbagala, na kila ikifika Agosti tarehe 1 hadi 7 nasoma habari za wiki ya unyonyeshaji, mgeni rasmi kahutubia, kina mama wamevaa fulana, wameambiwa nyonyesheni, picha imepigwa, basi mpaka mwakani. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ila mimi nasimama kaunta mwaka mzima na ninaona nani anaongea na hawa kina mama zile wiki nyingine zote, na huyo sio mgeni rasmi, ni kampuni za maziwa ya kopo ya watoto.

Niseme mapema ili nisije nikaeleweka vibaya, maziwa ya kopo yana kazi yake. Kuna mtoto mama yake amefariki kwenye uzazi kabaki na bibi, kuna mama yuko kwenye dawa ambazo daktari kamwambia asinyonyeshe, hao nawauzia na nawaelekeza vizuri kabisa. Hata ile Kanuni ya Kimataifa ya kusimamia uuzaji na matangazo ya maziwa ya kopo, iliyopitishwa Geneva mwaka 1981, nchi 118 zikasema ndiyo na Marekani peke yake ikasema hapana, haikatazi mtu kuuza. Inachokataza ni kumtangazia mama, kumpa sampuli za bure, kumpelekea zawadi, kupanga makopo kwa mbwembwe dukani, na mtu wa kampuni kumtafuta mjamzito au mama aliyejifungua. Na sisi Tanzania tuna kanuni zetu za mwaka 2013, kwahiyo asije mtu akasema haya ni mambo ya wazungu.

Sasa njoo uone wanavyopita. Kopo linakuja kwa namba, namba 1 ni ya mtoto wa sifuri hadi miezi sita, namba 2 kuanzia miezi sita, namba 3 kuanzia mwaka mmoja. Jina moja, rangi ileile, kile kidubwasha cha kuchorwa kilekile, mpaka mwandiko ni uleule, tofauti ni tarakimu tu pembeni. Ukimuuliza mtu wa kampuni kuhusu tangazo anakujibu bila kupepesa macho, hii ni namba tatu bosi, ya mtoto mkubwa, haihusiani na kunyonyesha. Ndio maana Mkutano wa Afya Duniani mwaka 2016 ukaona hii danadana na kusema maziwa yote yanayouzwa kwa ajili ya watoto hadi umri wa miaka mitatu yahesabiwe humohumo, lakini nani anafuatilia?

Mwaka jana alikuja dada mmoja, kichanga mgongoni hakijamaliza hata arobaini, kanionyesha simu, video ya mdada maarufu yuko jikoni kwake kuzuri anamkorogea mwanae maziwa. Nikaangalia, namba 3. Nikamwambia dada hii sio ya umri wake. Akanijibu haraka tu, "basi nipe ya mdogo wake, si ni hiihii?" Hilo tangazo limefanya kazi yake au halijafanya? Na yule mdada kwenye video hakusema popote kwamba amelipwa, alisema tu anashea na mamaz wenzie.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa ripoti ya matangazo ya mtandaoni, wakakuta kampuni za maziwa ya watoto zinaposti karibu mara 90 kwa siku kwenye kurasa zao. Tisini kwa siku! Halafu sisi tuna siku saba za Agosti. Ndio maana Mei 2025 ule Mkutano wa Afya Duniani, hukohuko Geneva, ukapitisha azimio kuhusu hayo matangazo ya mtandaoni, maana kanuni ya 1981 iliandikwa watu wakiwa bado wanasikiliza redio tu.

Na huku dukani wanakuja pia, msidhani ni simu peke yake. Alikuja kijana wa seles, simtaji kampuni, ana kistendi cha kusimamisha pale mlangoni, kalenda, mwavuli, na ofa ya ukichukua katoni kadhaa unapewa nyingine juu. Hayo nimeyazoea. Kilichonishtua ni alipotoa daftari akaniomba niwe naandika namba za simu za kina mama wanaonunua pampasi za saizi ndogo kabisa, eti wataingizwa kwenye grupu la WhatsApp kuna nesi anajibu maswali bure. Hebu fikiria mama mtoto analia saa nane usiku, mama mkwe anasema maziwa yako mepesi, jirani anasema mtoto hashibi, anaingia kwenye grupu kuuliza, anayemjibu analipwa na mwenye kopo. Unategemea ataambiwa mweke mtoto kwenye ziwa mara nyingi zaidi?

Na hapo ndipo penyewe. Maziwa ya mama yanatengenezwa kwa jinsi mtoto anavyonyonya, ananyonya sana yanatoka mengi, ananyonya kidogo yanapungua. Ukimpa mama kopo la bure siku za mwanzoni, mtoto anashiba chupa, ziwa halinyonywi, baada ya wiki kadhaa mama anakuja kwangu anasema maziwa yamekata. Kweli yamekata, lakini hayakukata yenyewe. Na kopo la pili sio la bure. Kelele hizi sio za leo, mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kuigomea Nestlé, kampuni ya Uswisi, kwa sababu hizihizi za promosheni kwenye nchi maskini, na ile Kanuni ya 1981 ilitokana na kelele hizo.

Halafu tuje kwenye hesabu, maana mimi ndiye ninayeziona hizo pesa. Kopo la gramu 400 kwa mtoto wa miezi mitatu anayetegemea kopo tu linaenda siku nne hivi, likijitahidi. Makopo mengi yanaelekeza kijiko kimoja cha kusawazisha kwa mili 30 za maji. Nani Mbagala ana pesa ya kopo kila siku nne? Kwahiyo linavutwa. Mama anaweka vijiko viwili kwenye chupa nzima, inakuwa nyeupenyeupe tu, mtoto anajaa maji tumboni analala, mzani wa kliniki unashuka. Wengine wananiuliza kabisa kaka nikichanganya na uji itafaa? Na ule unga wenyewe watu hawajui kwamba haujasafishwa ukawa hauna kijidudu hata kimoja, ndio maana wataalamu wanataka maji yasiwe chini ya nyuzi 70 wakati wa kukoroga, na yaliyokorogwa yakikaa nje zaidi ya saa mbili yamwagwe. Niambie mama anayeuza genge, maji ya kununua dumu, mkaa bei imepanda, atamwaga nusu chupa saa tano asubuhi? Haya hayapo kwenye video ya jikoni kuzuri.

Mwaka 2024 shirika la uchunguzi la Public Eye la Uswisi na IBFAN, mtandao wa kimataifa wa kutetea unyonyeshaji, walitoa ripoti kwamba uji wa Cerelac na maziwa ya Nido, vyote vya Nestlé, ya watoto wa mwaka mmoja na kuendelea yanauzwa kwenye nchi zetu yakiwa yameongezwa sukari, wakati kwao Uswisi bidhaa za watoto za kampuni hiyohiyo zinauzwa bila sukari ya kuongeza. Kampuni ilijitetea kwamba inafuata sheria za kila nchi. Sawa, basi tatizo ni sheria za kila nchi, tuzikaze.

Kuna wanaosema kina mama wa siku hizi wavivu, wanaogopa matiti kulala, wanapenda uzungu. Mimi hiyo siikubali kabisa. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 unaonyesha asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama peke yake, mwanzoni mwa miaka ya tisini ilikuwa kama robo tu, sasa huo uvivu uko wapi? Wanaokwama wengi ninaowaona mimi ni wale waliorudi kazini. Sheria ya ajira ya 2004 inampa likizo ya siku 84, mapacha siku 100, na kliniki inamwambia anyonyeshe miezi sita bila hata tone la maji, hesabu haikubali hapo. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri amruhusu anyonyeshe hadi saa mbili ndani ya muda wa kazi kila siku. Ulizeni wadada wa viwandani na wa maduka makubwa kama wanalijua hilo, wengi wanashangaa, na anayelijua anaogopa kulisema maana mkataba wenyewe wa miezi mitatumitatu. Anaishia kujikamulia chooni na kumwaga. Wenzetu Kenya sheria yao ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, sisi tunashindwa nini, chumba tu chenye mlango, kiti na kifriji?

Na upande wa usimamizi, mambo ya chakula yalitoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, yakaenda TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Mimi kama mwenye duka naomba tu kitu kimoja rahisi, waweke namba ya simu ya bure ambayo nikiona kistendi au sampuli naripoti, na wapite madukani bila taarifa kama wanavyopita wengine kukagua leseni. Wakikuta kistendi kwangu wanipige faini na mimi, sawa, lakini waanze na aliyekileta.

La mwisho linawahusu nyie mhariri. Kuna kurasa za afya za magazeti zinakuwa na makala ya "lishe ya mwanao", inaanza vizuri kabisa, maziwa ya mama ni bora, ukifika katikati unakutana na madini ya chuma, ubongo kukua, na chini kona kuna nembo ndogo ya kampuni. Gazeti lenu lina msimamo gani kwa makala za namna hiyo, mnazipokea? Na kama mnazipokea, kwa nini msiandike juu kabisa kwa herufi kubwa kwamba imelipiwa na nani? Naomba mnijibu hapahapa kwenye ukurasa wa barua.

Muuza duka la dawa,
Mbagala, Dar es Salaam