Bando langu liliishia njiani nikiwa nimeshika usukani

Mhariri,

Mimi ni dereva wa lori, napeleka mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia mpaka wa Tunduma. Naomba nafasi niseme na wauza simu.

Mwezi uliopita, asubuhi ya kuondoka, nilinunua bando la wiki la GB 2. Njiani sikutazama video hata moja. Nilipofika Tunduma usiku, wakala wa forodha akataka nimtumie picha za karatasi za mzigo. Hazikwenda. Bando limekwisha, salio sina, vibanda vimefungwa. Zamu yetu ikapita, na foleni ya Tunduma anayeijua anaijua.

Miaka yote nimeamini kampuni za simu zinatuibia bando. Safari hii dereva mwenzangu akanifungulia Mipangilio, pale panapoonyesha kila programu imekula kiasi gani. Programu ya picha peke yake: MB 1,100, karibu zote za chinichini, yaani zimeliwa bila mimi kuifungua. Nikakumbuka. Utingo wangu alirekodi mlima Kitonga kwa simu yangu, kuanzia kwenye mibuyu hadi tumemaliza kupanda. Video safi ya simu hizi inaweza kupita MB 100 kwa dakika, na simu ilikuwa inaipandisha kwenye akaunti yangu kimyakimya kila ilipopata mtandao. WhatsApp nayo ilipakua yenyewe video zote za kamati ya harusi ya mdogo wangu.

Nani aliyeruhusu hayo? Siku ya kununua simu, kijana wa duka ndiye aliyefungua akaunti, akabonyeza "kubali" kwenye kila swali, akanikabidhi. Sikuambiwa neno.

Wauza simu, ndugu zangu, dakika tano tu zinatosha. Mwonyesheni mteja kilipo Kiokoa Data, kile kinachozuia programu kula data chinichini, na namna ya kuiruhusu programu moja anayoitegemea kazini. Mimi nimeiachia WhatsApp. Mzimieni WhatsApp isipakue yenyewe video kwa data ya simu. Kupandisha picha kwenye akaunti na masasisho ya programu visubiri waifai. Anayesafiri kwenda mpakani mwambieni azime romingi mapema, maana Tunduma na Nakonde zimeshikana, na simu inadaka mtandao wa Zambia hata akiwa bado upande wetu.

Na ninyi matajiri wa malori mnaotaka picha ya kila karatasi na kila lakiri: waiteni madereva ofisini kabla ya safari, waonyesheni haya. Wengi wetu tunajua kupiga, kupokea na kutuma picha, basi. Mzigo ukilala mpakani kwa sababu ya bando, hasara ni yenu na yetu.

Safari iliyofuata nilinunua GB 2 zilezile. Utingo alirekodi Kitonga tena. Tunduma nilifika na MB 1,640, karatasi zikaenda saa ileile.

Dereva wa masafa marefu,
Mbagala, Dar es Salaam