Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: tupimieni intaneti saa mbili usiku

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

YAH: UWEZO WA MNARA, SI IDADI YA MINARA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa minara. Nimeipanda miaka kumi na moja chini ya wakandarasi mbalimbali, kuanzia Morogoro mpaka huku Ruvuma, nikifunga antena, dishi na nyaya, hadi goti liliponigomea. Sasa nina steshenari kwenye kituo kidogo cha biashara wilayani Mbinga. Natoa kopi, nachapa barua, na sehemu kubwa ya siku nawajazia watu fomu za mtandaoni. Tatizo ninalokuandikia nimeliona nikiwa juu ya mnara na nikiwa chini yake, ndiyo maana nimeona ninao wajibu wa kusema.

Msimu uliopita wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, binti mmoja alifika dukani na baba yake, mkulima wa kahawa, saa kumi na mbili jioni. Nyaraka zake zilikamilika: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita, fomu yenye mhuri wa serikali ya kijiji. Simu niliyokuwa nikigawia kompyuta intaneti ilisoma 4G, vijiti vyote vimejaa. Ukurasa wa kwanza ulifunguka. Wa pili ulizunguka, ukazunguka, kisha tukaambiwa muda umekwisha, tuingie upya. Tuliingia upya mara sita. Mzee alikaa kwenye benchi amekunja koti lake mapajani, hakusema neno. Bodaboda aliyewaleta alichungulia mlangoni mara tatu kuuliza kama bado. Saa nne na nusu waliondoka wakaniachia karatasi. Nikaamka saa tisa usiku, nikamaliza kila kitu kwa dakika nne. Simu ileile, laini ileile, mnara uleule, vijiti vilevile.

Mtoa huduma huyo simtaji, kwa kuwa hali hii nimeifunga kwa mikono yangu kwenye minara ya zaidi ya kampuni moja.

Ndugu Mkurugenzi, vijiti vya simu vinaonyesha jambo moja tu: simu inausikia mnara vizuri kiasi gani. Havisemi mnara wenyewe umeunganishwa na dunia kwa njia ya upana gani. Mnara wa kawaida wa 4G una sekta tatu, kila moja ikitazama upande wake. Sekta yenye upana wa megahezi 10 na antena mbili inaweza kutoa, mambo yote yakiwa mazuri, megabiti 75 hivi kwa sekunde. Sekta tatu ni 225. Hapo ndipo hesabu za vipeperushi zinapoishia. Sasa nenda nyuma ya mnara utazame lile dishi jeupe la duara, linaloutazama mnara mwingine kilimani. Nimefunga mengi yanayobeba megabiti 100 kwa sekunde, na dishi hilo halihudumii mnara mmoja. Mnara wa kwanza unampa wa pili, wa pili wa tatu, wa tatu wa nne, kama ndoo za maji zinavyopitishwa kwenye mstari wa watu.

Gawa 100 kwa minara minne, kila mmoja unapata 25. Saa mbili usiku, watu wametoka shamba, wamekula, wameshika simu: tuseme watu 200 kwenye mnara mmoja. Kila mtu anabaki na kilobiti 125 kwa sekunde. Ukurasa wa tovuti wenye megabaiti 3, yaani megabiti 24, ambao siku hizi ni ukurasa wa kawaida kabisa, utachukua zaidi ya dakika tatu kufunguka. Seva inakuwa imeshakata tamaa. Yule binti hakukosa mtandao. Alikosa nafasi kwenye dishi.

Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, nchi nzima ilijua kuwa intaneti inakuja kwa waya kutoka chini ya bahari. Wizara ilisema, magazeti yaliandika, kila mtu alikuwa na maoni. Njia ya kutoka Dar es Salaam hadi mnara wa kijijini kwetu inabanwa kila jioni, na hakuna anayeiandika popote.

Sitaki kuwaonea watoa huduma. Nimefanya kazi nao na najua wanavyopiga hesabu. Zaidi ya theluthi moja ya mapato ya huduma ya Vodacom Tanzania yanatokana na M-Pesa, na wenzao nao wanajenga biashara zao kwenye pesa za simu. Sasa mkulima wa Mbinga anayetuma pesa anabonyeza nyota 150 nyota 00 reli kwenye kitochi chake, na menyu ile inapita kwenye 2G bila shida. Haihitaji dishi jipya wala faiba, ule waya wa kioo unaobeba intaneti nyingi. Kampuni imeshampata mteja wake mwenye faida kubwa kwa teknolojia ya miaka ya tisini. Kumwongezea kasi ya intaneti ni gharama ambayo pato lake linakuja taratibu, tena kwa bei ya bando iliyobanwa. Wewe mwenyewe unakumbuka Aprili 2021, vifurushi vipya vilivyozua kelele mpaka serikali ikavisitisha ndani ya siku chache.

Halafu kuna suala la kodi ya pango la mnara, na hili wananchi wengi hawalijui. Kampuni kubwa za simu ziliuza minara yake. Mwaka 2013 Vodacom ilikubaliana na Helios Towers, kampuni ya kumiliki na kupangisha minara, kuiuzia minara 1,149, na mwaka 2021 Airtel ikakubali kuuza yake takriban 1,400 kwa SBA, kampuni ya minara ya Marekani, na mshirika wake. Ulikuwa uamuzi wa busara kibiashara, maana mnara mmoja sasa unabeba wapangaji wawili watatu na gharama ya dizeli na ulinzi inagawanywa. Lakini mpangaji hulipia nafasi na umeme. Ukiongeza antena, kodi inapanda. Ukibadilisha dishi dogo kwa kubwa, kodi inapanda. Mjini nyongeza hiyo inarudi mapema. Kijijini meneja anaitazama karatasi na kuiweka chini ya nyingine. Nimekaa kwenye ofisi hizo nikingoja kibali cha kazi, nimeona karatasi zikiwekwa chini.

Kwa hiyo fedha zinaelekea kule kunakolipa. Kwenye mnada wa Oktoba 2022 mliuza masafa, yaani haki ya kutumia mawimbi ya redio, ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Airtel peke yake ilitangaza kulipa dola milioni 60.1 kupata megahezi 140 katika 2600 na 3500. Masafa hayo ni mapana na yana kasi, ila hayaendi mbali: wimbi la 3500 linachoka upesi, ukuta unalipunguza, mti wenye majani unalipunguza. Ni masafa ya Masaki na Kariakoo, ya kumuuzia mtu ruta ya 5G ya nyumbani. Sina ugomvi na hilo. Wimbi la 700 ndilo linalovuka kilima likaingia ndani ya nyumba ya tofali, na masafa hayo tuliyapata kwa sababu nchi hii ilijitahidi kuhama televisheni ya analojia, Dar es Salaam ikizima mitambo yake usiku wa Desemba 31, 2012. Vijijini walinunua ving'amuzi kwa fedha zao ili mawimbi hayo yaachwe wazi. Ni haki yao kuuliza yamewaletea nini.

Kuna nchi iliyolijibu swali hilo kwa maandishi. Ujerumani ilipopiga mnada masafa yake ya televisheni, megahezi 800, mwaka 2010, iliweka mpangilio ndani ya leseni. Kampuni zilizoshinda zilitakiwa kuanza na miji na vijiji vya watu wasiozidi 5,000 vilivyokuwa nyuma kwa intaneti. Katika kila jimbo ilibidi zifikie asilimia 90 ya wakazi wa maeneo hayo kabla ya kutumia masafa hayo kwenye maeneo ya ngazi iliyofuata, na miji mikubwa ikawa ya mwisho kwenye foleni. Hawakuziomba kampuni ziwe na huruma. Walizifungia mlango wa mjini mpaka zipitie kijijini. Mwaka 2019 wakaenda mbele zaidi, wakaweka kasi yenyewe kwenye masharti: megabiti 100 kwa sekunde kwa asilimia 98 ya kaya ifikapo mwisho wa 2022.

Najua utasema, na kwa haki, kwamba Ujerumani ni tajiri. Basi tuwatazame jirani zetu Rwanda. Mwaka 2013 serikali yao iliungana na KT, kampuni ya simu ya Korea Kusini, kuunda kampuni moja ya kujenga 4G ya nchi nzima na kuwauzia wengine kwa jumla. Minara ilijengwa kweli. Ndani ya miaka michache karibu wananchi wote walikuwa ndani ya eneo lenye 4G, asilimia ambayo ungeiweka kwenye ripoti yoyote kwa fahari. Watumiaji walibaki wachache, kwa sababu kampuni za simu zilitakiwa kununua 4G ya mwingine wakati 3G yao wenyewe ilikuwa inawaingizia faida. Ilibidi sera ibadilishwe mwaka 2022, na mwaka uliofuata MTN Rwanda ikapata leseni ya kujenga 4G yake. Nawaheshimu Wanyarwanda kwa kukubali kurekebisha. Ninachokiona pale ni kwamba asilimia ya watu waliofunikwa inaweza kupanda hadi juu kabisa na mwananchi asitumie.

Ndiyo maana nina wasiwasi na ile minara 758 iliyosainiwa Dodoma Mei 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ule wa serikali unaotoa ruzuku ya kujenga minara vijijini. Ni kazi kubwa na nimefurahi kuiona. Kuna kata nilizopita kwa miguu ambako mtu alipanda juu ya kichuguu kupiga simu ya msiba, leo anapiga akiwa jikoni. Lakini mnara wa ruzuku ukifungwa mwishoni mwa mnyororo wa dishi za megabiti 100, ule mnyororo unakuwa na mdomo wa tano. Kijiji kipya kinapata mtandao, na vijiji vinne vya zamani vinaongezewa foleni.

Naomba mambo mahususi, na yote naamini yako ndani ya uwezo wa ofisi yako.

La kwanza ni saa ya kipimo. Mnazo kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018, na Mamlaka hupima ubora kwa mikoa na kutoa taarifa. Kipimo cha gari linalopita barabarani mchana hakiwezi kuona ninachokiona mimi dukani. Wekeni simu ya kupimia kwenye zahanati, kwenye shule ya sekondari, hata kwenye steshenari kama yangu, ipime yenyewe kila siku kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, na matokeo ya kila kata yachapishwe kwa jina la mtoa huduma. Umeme na nafasi ya mezani nitatoa mimi bure.

Pili, orodha ya minara itangazwe pamoja na njia yake ya nyuma: ni faiba au dishi, lina megabiti ngapi, na ni minara mingapi inayolitegemea. Taarifa hizo kampuni wanazo, maana bila hizo fundi hatumwi kazini.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Masafa ya chini yatakapopigwa mnada tena, au leseni zitakapohuishwa, msiweke mbele fedha ya mkupuo. India mwaka 2016 ilipanga bei ya juu kwa megahezi 700, na hakuna kampuni hata moja iliyonunua. Punguzeni bei, kisha mdai deni hilo kwa kasi: kata fulani, mwaka fulani, megabiti kadhaa kwa sekunde saa mbili usiku, na asiyetimiza alipe tofauti yake kwa fedha taslimu. Na kwa kuwa dishi nazo zinalipiwa ada ya masafa kila mwaka, mpunguzieni ada hiyo anayepanua njia ya kijijini. Kuna vifaa vya gigahezi 80 vinavyobeba zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde kwa umbali wa kilomita chache. Mvua kubwa inavisumbua, nimewahi kulowa nikivirekebisha, lakini vikifungwa sambamba na dishi la zamani mvua inapokata kimoja kingine kinaendelea. Mhandisi akipewa nafuu ya ada, ile karatasi itatoka chini ya zile nyingine.

Watoa huduma watakuambia simu janja vijijini bado ni chache, kwa hiyo dishi kubwa litakaa bure. Ni kweli kwamba vitochi bado ni vingi kuliko simu janja, na takwimu zenu zinaonyesha hivyo. Mimi nawauzia watu vocha, nawasikia. Mama mmoja muuza mbogamboga alinunua simu ya kupangusa kwa kudunduliza, akaitumia miezi miwili, akamwachia mwanawe akarudi kwenye kitochi. Nilimuuliza sababu. Akaniambia bando linaisha muda wake likiwa bado limejaa, kwa sababu jioni anapopata nafasi ya kuitumia haifungui kitu.

Binti yule alipata mkopo na yuko chuoni. Dirisha la maombi likifunguliwa tena, wadogo zake wawili na wenzao watakuja dukani kwangu jioni, kwa kuwa asubuhi wanakuwa shambani. Nimeanza kuwaambia wazazi waniachie karatasi, nitaamka saa tisa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa zamani wa minara, sasa mwenye steshenari,
Mbinga, Ruvuma.