Seva imekataa cheti chako? Usikimbilie kuomba kipya

Sisi tunatoa vyeti vya klayenti (faili ya kukutambulisha wewe kwa seva), na karibu kila wiki tunapata meseji ya aina hii, "jana ilikuwa inafanya kazi fresh, leo inagoma, naombeni mnitolee cheti kingine", halafu chini kuna skrinshoti iliyokatwa katikati na ule mstari wenye maana hauonekani. Tunamtolea, anakiweka, inagoma vilevile, mwisho yeye kakasirika na sisi tumechoka. Ukweli ni kwamba mara nyingi cheti hakina shida yoyote. Kwa hiyo nimeona niandike tu hapa sisi wenyewe huwa tunatafutaje tatizo, ili likikukuta usiku tumelala uanze mwenyewe.

Kwanza tuelewane kwenye jambo moja maana wengi wanachanganya hapa. Ile kufuli ya kwenye brauza inahusu cheti cha seva, yaani seva inakuonyesha wewe kitambulisho chake. Cheti cha klayenti ni upande wa pili, seva inakugeukia inakwambia na wewe lete chako. Kwa hiyo kufuli inaweza kuwa safi kabisa na bado ukapigwa kosa la 400 au 403, yaani seva imekataa ombi lako. Na wale wa kuweka -k kwenye curl (programu ya kutuma maombi kwa seva kutoka terminali) wakidhani wameruka kihunzi, hiyo inazima ukaguzi wa cheti cha seva tu, chako seva itakidai kama kawaida.

Halafu cheti peke yake ni karatasi tu, kinahitaji ufunguo wake wa siri. Vinakuja kama faili mbili au faili moja ya .p12 (kwenye Windows utaikuta .pfx) iliyobeba vyote. Cheti mpe yeyote, ufunguo usimpe mtu, na sisi tumo. Jamani bado kuna watu wanatutumia .p12 pamoja na paswedi kwenye meseji hiyohiyo moja!! Tukikipata hivyo tunakibatilisha palepale, usione tunakuonea.

Haya, sasa soma kosa lenyewe, neno kwa neno. Nginx, moja ya programu za kuendesha seva, ikiandika "No required SSL certificate was sent" maana yake haijakataa cheti chako, haijakiona kabisa. Ikiandika "The SSL certificate error" basi imekiona na ikakikataa. Hayo ni matatizo mawili tofauti kama mbingu na ardhi na dawa zake hazifanani. Kwenye IIS, programu ya seva ya Windows, angalia namba ndogo ya baada ya nukta kwenye logi ya seva, 403.7 ni cheti hakikufika, 403.13 kimebatilishwa, 403.16 hakiaminiki, 403.17 muda wake umeisha au haujaanza. Mtu akiniambia "napata 403" bila hiyo namba ndogo hajaniambia kitu.

Tuanze na cheti ambacho hakikufika, maana ndiyo kesi nyingi. Malalamiko yanakuja hivi, "brauza haiulizi hata nichague cheti". Ni kwa sababu seva ikidai cheti huwa inatuma na orodha ya watoaji inaowakubali, brauza inachungulia vyeti vyako, isipoona kinacholingana inakaa kimya tu, kidirisha hakitokei. Au ulishawahi kubonyeza Cancel kwa haraka na brauza ikakumbuka hilo jibu lako, funga madirisha yote kabisa ufungue upya, au jaribu kwenye dirisha la faragha. Au uliingiza faili ya .cer isiyo na ufunguo, Windows inaipokea bila kelele na cheti unakiona kwenye orodha ila hakiwezi kutumika popote. Firefox nayo ina ghala lake mwenyewe, tangu toleo la 90 la mwaka 2021 inaweza kusoma vyeti vya Windows na macOS, ila kwenye Linux kiingize humohumo ndani ya Firefox.

Kuna na hii inayotusumbua sana kwa watu wa maofisini, antivairasi au proksi ya kampuni inayofungua trafiki katikati ili ikague. Kwa kawaida huioni, lakini cheti cha klayenti kinakufa hapo, kwa sababu yule wa katikati hana ufunguo wako wa siri na hawezi kujifanya wewe mbele ya seva. Kwa hiyo anuani ya hiyo seva iondolewe kwenye ukaguzi, hakuna ujanja mwingine. Ukitaka kujua haraka kama ni hilo, jaribu kwa intaneti ya simu, ikipita ushapata jibu.

Ukiwa na terminali hii ndiyo komandi tunayoanza nayo siku zote (jina la seva na ya faili weka yako):

openssl s_client -connect seva.example:443 -servername seva.example -cert mimi.crt -key mimi.key

Tafuta sehemu iliyoandikwa "Acceptable client certificate CA names", hiyo ndiyo ile orodha ya watoaji. Kama aliyetoa cheti chako hayumo, umelijua tatizo na hata ukiomba vyeti kumi havitasaidia, ni seva ndiyo inatakiwa imjue mtoaji wako. Ila angalizo, kwenye TLS 1.3 (toleo jipya la usimbaji wa muunganisho) utaona muunganisho umekubali vizuri tu, unashangilia, halafu ukituma ombi ndo unapigwa chini. Ni kwamba klayenti anamaliza upande wake kabla seva haijasema neno kuhusu cheti. Kwa hiyo usiishie kwenye CONNECTED, andika GET, yaani ombi lenyewe, usubiri jibu. Namba ya alert, yaani ujumbe wa kosa wa TLS, inasema mengi, 116 cheti kilidaiwa na hakikuja, 45 kimeisha muda, 48 seva haimjui mtoaji.

Sasa kikifika halafu kikakataliwa. Muda kila mtu anaujua, ila angalia na saa ya kompyuta yenyewe, za pande zote mbili. Kingine ni cheti cha kati, kile kinachounganisha cheti chako na mtoaji mkuu, unatakiwa utume na cha kati siyo chako peke yake, na kwenye nginx ssl_verify_depth (idadi ya ngazi inazokubali kukagua) ni 1 usipoigusa, kwa hiyo mnyororo wenye ngazi nyingi unakataliwa hata kama kila kitu ni halali. Halafu kuna matumizi, cheti kiwe kimeandikwa ndani kwamba ni cha klayenti, yaani clientAuth. Hii itawaumiza wengi waliozoea kutumia cheti cha tovuti cha Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, pande zote mbili, maana mwaka 2025 walitangaza kwamba wanaiondoa clientAuth kwenye vyeti vyao. Ukihuisha unapata cheti kizima, hakijaisha muda, na seva inakitema. Hapo tafuta CA (mtoaji wa vyeti) ya ndani.

Kesi ambayo sitaisahau, asubuhi moja wateja wote wa seva moja walikataliwa kwa mpigo. Vyeti vizima vyote. Tukahangaika karibu saa mbili tunakagua cheti kimoja kimoja, kumbe ni ile orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, CRL, nayo ina tarehe yake ya kuisha na hakuna aliyeihuisha, kwa hiyo seva ikaona bora imkatae kila mtu. Sisi wenyewe ndo tuliiweka, aibu. Siku hizi wakikataliwa wote kwa pamoja hatuangalii vyeti kwanza, tunaangalia CRL.

Kidogo kuhusu .p12, ukiambiwa paswedi siyo sahihi na una uhakika nayo, inawezekana kabisa paswedi iko sawa. OpenSSL 3 inatengeneza hiyo faili kwa usimbaji mpya ambao mifumo ya zamani haiuelewi, inasingizia paswedi. Itengeneze upya ukiongeza -legacy. Na kama umebadilisha cheti kwenye faili ila programu bado inatuma cha zamani, irestati, nyingi zinasoma cheti mara moja tu zinapowaka.

Ukishindwa kabisa tuandikie. Tutumie matokeo yote ya ile komandi ya juu bila kukata, saa kamili ulipojaribu ili tukutafute kwenye logi, na namba ya cheti unayoipata kwa openssl x509 -in mimi.crt -noout -serial. Faili ya .key ibaki kwako.